Kubwa Impe Ndogo Moja

Riziki,

Kuna msonyo mmoja uliokaa sikioni mwangu tangu nikiwa na miaka kumi na sita. Haukuwa mrefu. Mtu alibana ulimi nyuma ya meno, akavuta hewa, akaachia, basi. Lakini ulikuja wakati darasa zima lilikuwa limetoka kunipigia makofi, na mpaka leo nikisikia makofi popote, harusini, redioni, kanisani kwa jirani zetu, huwa nasubiri ule msonyo ufuate.

Umekwenda kusukwa kwa shangazi yako. Nguo zako ziko kwenye mfuko wa safari tayari, nyumba imekuwa pana ghafla. Nimekaa mezani, nikasimama, nikakaa tena. Sitakuandikia habari ya kuchemsha maji wala ya kuficha sabuni. Hayo koko, bibi yako, amekuambia mpaka ukaziba masikio. Nataka kukueleza kilichotokea kwa karatasi yako ya mtihani, na kwa nini kesho unapanda boti kwenda Kalemie ukiwa umepangwa kusomea ualimu wa shule za msingi, wakati wewe uliomba section ya hesabu na fizikia. Uliniuliza, "Mama, ulikuwa kule. Waliona nini?" Nikakujibu kwamba mambo ya kusahihisha hayatoki nje ya chumba. Jibu lile lilikuwa la mwalimu. Hili ni la mama yako. Lina mzunguko kidogo, kwa hiyo nivumilie.

Nianze na msonyo.

Tulikuwa tumerudi kutoka kambini Tanzania, nami nilikuwa nimeingia sekondari hapa Baraka nikiwa na Kiswahili cha kule, ambacho kiliwavunja watu mbavu. "Mutanzania," walikuwa wananiita, "sema tena 'ninakwenda zangu'!" Nililipiza kwa kuwa wa kwanza darasani. Na wa kwanza darasani, kama unavyojua, ndiye anayepigiwa ban. Mtu akijibu vizuri ubaoni, mwalimu anasema, "Mumupigie ban!" na darasa lote linapiga makofi kwa mpigo mmoja, tatu, tatu, halafu moja nzito ya mwisho. Hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia kwamba ban ndiyo inayofanya jambo liwe kweli. Lakini ndivyo tulivyolielewa. Kitu kikishapigiwa ban, tunakiandika, na tukishakiandika hatukiulizi tena.

Siku ile Mwalimu Wilondja alituuliza ni namba gani ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata sawasawa na ukiizidisha kwa tano. Tuitafute, na tuthibitishe kwamba hakuna nyingine. Nikaenda ubaoni. Nikaiita x. Nikagawa pande zote mbili kwa x, ikabaki tano. Nikapiga mstari chini ya tano, nikamalizia kwa zile herufi nne tulizofundishwa kufungia kila uthibitisho, C.Q.F.D., yaani hiki ndicho kilichotakiwa kuonyeshwa. Niliziandika kubwa, kama mtu anayegonga muhuri.

"Mumupigie ban!" Mwalimu akasema. Wakapiga.

Kisha ule msonyo, kutoka benchi la nyuma.

Alikuwa Faila, msichana wa Lubondja, ambaye alikuwa anakuja shuleni siku anazotaka yeye.

"Faila, iko nini?" Mwalimu akauliza.

"Iko zero, Mwalimu."

"Zero gani?"

"Zero yenye Mutanzania amesahau. Zero mara zero iko zero. Zero mara tano iko zero. Haiingie? Sasa munamupigia ban ya nini?"

Darasa likacheka, na lilikuwa linamcheka yeye. Mwalimu akageuka kuutazama ubao. Mimi pia nikautazama. Nilikuwa nimegawa kwa x bila kuuliza kama x inaweza kuwa sifuri, na kwa sifuri hakugawanyiki. Pale pale kwenye mstari wa pili nilikuwa nimefunga mlango, na namba nyingine ilikuwa imebaki nje. Uthibitisho wangu ulisema hakuna nyingine. Kumbe ilikuwako, na ilikuwa ndogo kuliko tano yangu.

"Iko kweli," Mwalimu akasema. Akafuta herufi zangu nne kwa kiganja. "Basi ban ni ya Faila."

Hakuna aliyepiga. Labda si rahisi kumpigia makofi mtu aliyekusonya.

Nimerudi kwenye dakika ile mara nyingi, na kila nikirudi naona jambo moja: hawakupigia ban kilichokuwa ubaoni. Walimpigia aliyekuwa ubaoni. Ningeandika saba, kwa mkono uleule na kwa uso uleule, wangepiga vilevile. Na linalonikosesha utulivu zaidi ni kwamba hata mimi nilijiamini kwa sababu hiyohiyo. Sikuwa nimekosea hesabu kwa haraka. Nilikuwa nimeacha kuiangalia, kwa kuwa ilikuwa yangu.

Nilimchukia Faila muda fulani, halafu nikaanza kumtafuta. Mapumziko alikuwa anakaa ukutani anatafuna muwa. Nilikuwa nampelekea kazi yangu kabla ya kuipeleka kwa Mwalimu. Alikuwa anasoma huku anatafuna, halafu anasema, "Mi siamini."

"Huamini wapi?"

"Pale." Na alikuwa anaweka kidole chake chenye utomvu wa muwa juu ya mstari mmoja.

Mara nyingine mstari ulikuwa mzima, na mimi nilipaswa kumweleza mpaka akubali. Mara nyingi zaidi palikuwa na tundu. Hakuwahi kuniambia nizibe vipi. Hiyo haikuwa kazi yake. "Mi nakuambia tu kwenye maji yanaingia," alikuwa anasema, "boti ni yako." Wazazi wake walihama, na sikumwona tena. Halafu nikabeba mimba yako, shule ikaniambia nikae nyumbani, nikakaa, nikarudi ukiwa umejifunza kutembea. Nilisoma mpaka chuo cha ualimu kule Uvira, na wewe ulibaki mgongoni mwa koko. Nimekuwa na maprofesa. Nimepewa karatasi yenye mihuri. Lakini hakuna mtu mwingine aliyewahi kuweka kidole kwenye mstari wangu na kusema pale. Watu wanaokubali ni wengi, mwanangu, na wanaokataa kwa hasira ni wengi pia. Anayekataa kwa makini hupatikana mmoja mmoja, na akihama hujui pa kumtafuta.

Sasa nikuambie jambo ambalo pengine hulikumbuka. Ulikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka. Koko alikuwa akiwagawia maandazi wewe na watoto wawili wa mjomba wako, na alikuwa na kanuni yake: mdogo anapata kiasi, anayemfuata anazidi moja, mkubwa anazidi moja tena. Siku moja mdogo wenu akalia. Koko akachoka na kelele, akasema, "Ee, mukubwa, mupatie mudogo moja, munyamaze!" Mkubwa akatoa. Ghafla wote mkawa sawa. Wenzako walianza kula. Wewe hukula.

"Koko," ukauliza, "na kama tungekuwa nayo mengi? Mengi mengi?"

"Ingekuwa vilevile."

"Unajua aje?"

"Nimegawa maandazi kushinda nywele za kichwa chako, muke mwenzangu. Kula."

Hukuridhika. Ulikaa mlangoni unahamisha vidole vya mkono mmoja kwenda mwingine, na andazi linapoa. Nilikuwa nafua, niliona, nikafurahi peke yangu. Koko alikuwa na sababu yake ya kuamini: haijawahi kukosea. Ni sababu nzuri, na kwa maandazi inatosha kabisa. Lakini wewe ulikuwa unauliza habari ya maandazi ambayo hakuna aliyewahi kuyakaanga. Kule ambako koko hajafika, na hatafika, na hakuna mtu atakayefika, unajua aje? Hapo ndipo uthibitisho unapoanza. Watu wengi, na walimu wengi, hawafiki mlango ule, kwa sababu andazi ni tamu.

Basi, mtihani.

Ile shule ya Kalemie ilituma maswali, shule zetu za huku zikawakusanya watoto, na walimu wachache tukaitwa Nundu kusahihisha. Karatasi zilikuwa na namba badala ya majina. Mkubwa wetu alikuwa Mwalimu Wilondja, yuleyule, sasa mwenye mvi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Swali la mwisho, kwa Kifaransa, lilitaka mthibitishe kwamba ukijumlisha namba tatu zinazofuatana, jumla inagawanyika kwa tatu siku zote. Jibu tulilotarajia lilikuwa lile la darasani: iite ya kwanza n, ya pili n na moja, ya tatu n na mbili, jumlisha, unapata tatu mara n na moja, C.Q.F.D. Karatasi zilizokuja mbele yangu zilikuwa na n, au zilikuwa na mifano: nne, tano, sita, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, inagawanyika, inagawanyika, kwa hiyo inagawanyika siku zote. Hizo tulizipa alama ya huruma.

Kisha ikaja moja isiyo na n wala mfano. Ilikuwa kwa Kiswahili. Naikumbuka neno kwa neno.

"Kamata namba tatu zenye kufuatana, zozote. Kubwa impe ndogo moja. Sasa zote tatu ziko sawa na ile ya katikati. Vitu vitatu vyenye kuwa sawa vinagawanyika kwa tatu. Imeisha."

Niliijua kabla sijamaliza mstari wa kwanza. K yako ina mguu mrefu unaoteleza chini ya mstari, nimeugombeza mguu ule tangu ukiwa darasa la kwanza. Lakini nakuapia, kilichonifanya niishike meza hakikuwa ile k. Ni "imeisha." Hukuandika zile herufi nne. Ulisema tu kwamba imeisha, na ilikuwa imeisha.

Kando yangu alikuwa mwalimu mmoja kijana wa Lweba, mtu wa mizaha. Akachungulia. "Ee! Huyu anagawa namba kama bugali!" Wakacheka. Mwalimu Wilondja akanyoosha mkono, akaisoma, akairudisha. "Hii si démonstration, si uthibitisho. Hii ni hadisi. Tena kwa Swahili. Unaona aje, Mama Riziki?"

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi yangu. Ningeweza kusema: Mwalimu, hii ni sahihi, na niko tayari kuitetea mstari kwa mstari. Badala yake niliweka kalamu chini nikasema, "Mi siwezi kuisahihisha. Ni ya mutoto wangu."

Wote wakanisifu. Mwalimu Wilondja akasema hao ndio walimu nchi inaowahitaji. Akaichukua karatasi yako, akaandika sifuri kwenye swali lile, na sifuri ile ndiyo iliyokushusha kutoka section ya hesabu.

Sitaki udhani nakuomba msamaha kwa kuwa mwaminifu. Mwalimu akikuta karatasi ya mwanawe anapaswa kusema, na kesho ningesema tena. Lakini kusema ni jambo moja na kukaa kimya baada ya kusema ni jambo jingine. Nilidhani kwa kuwa mimi ni mama yako, neno langu juu ya karatasi ile limekufa. Fikiria upumbavu wa jambo hilo. Kubwa ikiipa ndogo moja, zote tatu zinakuwa sawa, na hilo halijui aliyezaa wala aliyezaliwa. Angeweza kulisema adui yako. Angeweza kulisema mwizi. Ningeweza kusema, "Ni ya mwanangu, kwa hiyo msiniamini mimi, iangalieni yenyewe." Maneno machache tu. Nayo hayakunijia, mimi niliyejivunia kwamba Faila alinifundisha kutenganisha mtu na ubao.

Yalinijia nikiwa kwenye pikipiki, tunakaribia Baraka, na tangu hapo sijatulia. Umeona mwenyewe. Nimevunja sahani. Nimefundisha somo la darasa la pili kwa darasa la nne. Uliniuliza kama naumwa, nikasema ni joto.

Juma lililopita nilirudi Nundu. Nilikuambia naenda kuona rafiki. Nilimkuta Mwalimu Wilondja nyuma ya nyumba yake anatengeneza kiti, misumari mdomoni.

"Umekuja kama mwalimu ao kama mama?" akauliza bila kuitoa yote.

"Kama mutu mwenye haamini ile zero."

Akasonya. Nilikaribia kucheka. "Mama Riziki, acha. Ile karatasi ilikuwa mifano tu."

"Mifano gani? Nitajie namba moja yenye iko ndani."

Akafikiri. Akaanza kuikariri, maana hata yeye alikuwa anaikumbuka, na hilo lilinipa moyo. Alipofika "zozote" akasita. Hapakuwa na namba ya kutaja. Hukuandika nne, tano, sita. Uliandika zozote.

"Basi," akasema, akihama upande. "Lakini anasema kubwa itoe. Na kama haina kitu? Kuna namba ziko chini ya zero. Toa tano, toa nne, toa tatu. Mutu hana hata moja, atatoa nini?"

Hili lilikuwa pingamizi la kweli, Riziki, kama yale ya zamani ukutani kwa Faila. Nikamwambia tujaribu. Kubwa kati ya hizo ni toa tatu. Ikitoa moja inazidi kushuka, inakuwa toa nne. Ndogo ni toa tano. Ikipokea moja inapanda, inakuwa toa nne. Ya katikati ilikuwa toa nne tangu mwanzo. Akazihesabu kwenye misumari, akairudia, akaitoa ile ya mwisho mdomoni.

"Iko kweli," akasema. Sauti ilikuwa ileile ya siku ya sifuri yangu.

"Basi mumupatie points zake."

"Ah, hapana. Kweli ni kitu kimoja, points ni kitu ingine. Liste ya majina imekwenda Kalemie. Na mutihani ni kwa Français, mi sikutunga ile sheria."

"Mwalimu, mulielewa kila neno."

"Nilielewa. Na kule Kalemie kama musahihishaji ni mutu wa Kasai, mwenye hajui Swahili? Ataelewa?"

Nilikasirika, nikaanza kuondoka, nikarudi kuchukua mfuko wangu niliousahau kwenye benchi. Nadhani ni kule kurudi kulikomlainisha, au alitaka tu niende. Akasema anamfahamu mwalimu wa hesabu wa kule, wamesoma pamoja, na amekwisha kumpigia simu juu yako. Alikuwa amempigia kabla sijafika! Nafasi moja ya section ya hesabu imebaki. Wakikupokea, mwalimu yule atakuita ubaoni, atakupa swali, atakusikiliza. Ukimshawishi, unahamia. Usipomshawishi, unabaki ulipopangwa.

Nikamwambia vizuri, mimi nakupeleka, nitamweleza mwenyewe jinsi mambo yalivyokuwa.

"Aa-aa!" Akanielekezea nyundo. "Weye utabaki inje. Mara ya kwanza ulimukimbia mutoto, sasa unataka kumubeba kichwani. Zote mbili ni kusimama mbele ya ubao. Tutaona aje kile kimeandikwa?"

Nilipanda pikipiki nikiwa na hasira, na hasira ile nimekaa nayo siku hizi zote, naigeuza huku na huku nikitafuta tundu lake. Sijalipata.

Kwa hiyo nikuambie ninachokijua, nacho ni kidogo. Uliniuliza mara moja ni nani anayeamua kwamba kitu kimethibitishwa. Nilikujibu jibu la kitabu. Leo nadhani hivi: haamui mwalimu, na haliamui darasa kwa makofi, wala haamui mwenye muhuri, ingawa wote hao wanaweza kukupa alama na kukunyima. Anayeamua ni yule asiyeamini, akishindwa kupata pa kuweka kidole. Uthibitisho hauandikiwi anayekupenda. Mimi nilikuamini kabla sijasoma, kwa hiyo mimi sina maana hapa. Na ndiyo sababu Mwalimu Wilondja, pamoja na ukaidi wake, hakuwa amekosea kabisa juu ya Kifaransa. Asiyeamini ana haki ya kuelewa anachokikataa. Ukimnyima lugha yake, hujamshinda, umemfungia tu mlango. Jifunze kukisema kwa Kifaransa chao, na kwa n yao. Ni kitu kilekile kimevaa koti. Lakini usiwahi kudhani kwamba koti ndilo lililokizaa. Kilizaliwa mlangoni kwetu, kwa Kiswahili, nilikuwepo.

Na kwa kuwa Faila hayupo, niache niwe Faila mara moja tu. Naweka kidole pale ulipoandika "Kubwa impe ndogo moja." Mi siamini. Swali lilikuwa juu ya jumla. Wewe umezibadilisha namba. Nani amesema jumla imebaki ileile? Najua unalo jibu, na ni fupi, na mtoto anayekula maandazi analijua. Lakini hukuliandika, na mtu asiyeamini ataingilia hapo. Sitakuandikia mimi. Boti ni yako.

Utakutana na ban kule pia. Ukipigiwa, furahi, wewe ni mtoto, makofi ni matamu. Halafu ukiwa peke yako urudi kwenye mstari wa pili. Na ukimsikia msichana wa nyuma anasonya, usimchukie muda mrefu kama nilivyomchukia mimi. Mpelekee muwa.

Sasa naona kivuli kimefika kwenye ukingo wa meza, na shangazi yako hakawii kusuka. Nimejaribu mara kadhaa kujiambia kwamba mama halazimiki kubaki nje, kwamba ningekaa kona tu, nisiseme neno. Najijua. Ningesema. Ungelegeza ulimi kidogo tu, ungesita kidogo tu, na mimi ningekuwa nimesimama, nimeshika chaki, na mwalimu yule angekuwa anautazama uso wangu badala ya ubao wako.

Leo adhuhuri nilikwenda ufukweni kwa mjomba Sumaili, mwenye boti. Nilimwambia afute jina langu kwenye safari ya kesho, aandike la koko. Alidhani tumegombana, wewe na mimi. Nikamwambia hatujagombana. Akafuta. Koko ameshafunga mfuko wake na kitambaa chake cha safari, na ameniuliza swali moja tu, yeye ambaye hajui Kifaransa wala x wala n: mtoto akiitwa ndani kwa mwalimu, yeye atakaa wapi? Nimemwonyesha kwa mkono, nikamwambia: nje, mama, na ukimsikia amenyamaza, usiingie.

Mama yako